Arusha au Gaborone: mzigo wako upitie mlango upi?

"Nikate cheti cha Jumuiya au cha SADC?" Swali hili hunifikia karibu kila wiki kutoka kwa watu wanaoanza kuuza bidhaa nje ya Tanzania. Mmoja ana unga wa lishe, mwingine viungo vya Unguja, mwingine mchele wa Kyela. Wote wamesikia kwamba nchi yetu iko kwenye jumuiya mbili, ile ya Afrika Mashariki yenye makao Arusha (hapa naiita Jumuiya) na ile ya maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, yenye makao Gaborone, na wote wanaogopa kulipa ushuru ambao hawakupaswa kulipa.

Jibu la haraka ni kwamba kule mzigo unakokwenda ndiko kunakoamua. Ukiuza Nairobi, Kampala, Kigali au Bujumbura, unatumia cheti cha uasili, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa imezalishwa wapi, cha Jumuiya. Ukiuza Lusaka, Lilongwe, Maputo, Harare au Johannesburg, unatumia cha SADC. Kenya haimo SADC, Zambia haimo Jumuiya. Nchi zilizo katika nyumba zote mbili ni Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tu.

Jibu hilo linamtosha aliyekwisha kupata mteja. Halimtoshi anayetaka kujua aanzie soko lipi, wala anayetazama Kongo, wala raia anayejiuliza nchi yake iegemee upande gani. Kwa hao watatu nazilinganisha hapa nyumba hizi mbili kama nilivyozifahamu kutokana na kujaza fomu zake na kusoma mikataba yake.

Misingi haifanani

Jumuiya ya sasa imejengwa juu ya kifusi. Ile ya kwanza, ya mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa na haukufunguliwa tena hadi 1983. Waliokuwa wafanyakazi wa reli, posta na ndege za pamoja walizeeka wakidai mafao yao. Ndiyo maana Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 ulipanga safari kwa hatua: kwanza Umoja wa Forodha, kisha Soko la Pamoja, kisha Umoja wa Fedha, na mwisho Shirikisho la Kisiasa. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005 na Soko la Pamoja Julai 2010. Sarafu moja ilipangwa iwe tayari mwaka 2024. Haikuwa, na sasa lengo limesogezwa hadi 2031.

SADC ilizaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Aprili 1980, pale Lusaka, nchi tisa, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kupunguza kuitegemea Afrika Kusini ya makaburu. Ilikuwa kazi ya ukombozi kabla ya kuwa kazi ya biashara. Mwaka 1992 huko Windhoek ikageuzwa kuwa jumuiya ya maendeleo, na mwaka 1994 Afrika Kusini yenyewe, ikiwa huru, ikajiunga. Leo ina wanachama 16 na makao yake ni Gaborone.

Tofauti hii ya kuzaliwa ndiyo inayokufuata hadi kwenye kaunta ya forodha. Jumuiya ina sheria moja ya forodha, ile ya mwaka 2004, na ushuru mmoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya ukanda: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa bidhaa kamili, na tangu Julai 2022 daraja la nne la asilimia 35 kwa bidhaa zinazolindwa. Kila mwaka nchi huomba kupewa nafasi ya kutofuata viwango hivyo kwa bidhaa fulani, na maombi hayo yamekuwa mengi mno kwa maoni yangu, lakini msingi ni mmoja. SADC haina hilo. Kila nchi ina ushuru wake kwa bidhaa za dunia nzima. Walichokubaliana, kwa itifaki iliyoanza kutumika mwaka 2000 na eneo huria lililotangazwa mwaka 2008, ni kuondoleana ushuru wao kwa wao.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hawalijui. SADC ilipanga nayo kuwa na umoja wa forodha, na mwaka uliotajwa ulikuwa 2010. Nchi haiwezi kuwa katika umoja wa forodha wa aina mbili, kwa sababu haiwezi kutoza bidhaa moja, kutoka nchi moja ya nje, viwango viwili tofauti. Mpango ule ungetimia, Tanzania ingelazimika kuchagua Arusha au Gaborone. Haukutimia, na ndiyo sababu bado tunalala nyumba mbili.

Mwenye magunia manne

Kwa mfanyabiashara mdogo, ulinganisho huu una mshindi, nami nalisema hilo bila kuuma maneno.

Chukua mama mwenye magunia manne ya maharage anayevuka Namanga kuingia Kenya. Ikiwa mzigo wake hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na maharage yamelimwa ndani ya Jumuiya, anapata cheti cha uasili kilichorahisishwa palepale mpakani. Anaandika jina lake, bidhaa, kiasi na thamani, anasaini, ofisa wa forodha anagonga muhuri, basi. Halipi ushuru wa forodha wala hahitaji wakala wa kumtolea mzigo. Namanga, Holili, Sirari, Horohoro, Mutukula, Rusumo na Kabanga ni vituo vya huduma kwa pamoja, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, hivyo anasimama mara moja badala ya mbili.

Niliwahi kusimama na mama wa namna hiyo. Alikuwa ameshika cheti chake kwa mikono miwili kama mtu anayeshika picha ya harusi, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa napita porini bure?" Alikuwa amezoea kumlipa kijana wa bodaboda avushe magunia usiku kwa njia za panya, na mara mbili alipoteza mzigo wote. Sijaisahau sauti yake. Ruhusa ipo, imeandikwa, na watu wanaendelea kupoteza mali kwa kutoambiwa tu.

Nitaje na upande wa pili wa ruhusa hiyo: kusamehewa ushuru wa forodha si kusamehewa kila kitu. Maharage bado yanahitaji cheti cha afya ya mimea, na kodi za ndani za nchi unakoingia zinabaki palepale. Wengi hukwamia hapo, wakadhani wamedhulumiwa kumbe wamekuja na karatasi moja badala ya mbili.

Sasa nenda Tunduma. Mji umeota juu ya mstari wenyewe wa mpaka, na ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia. Malori ya kwenda Lusaka na Lubumbashi yamepangana barabarani, na kati yake wanapenya akina mama wenye mabeseni na vijana wenye mikokoteni. Mwenye mchele wake magunia manne hapa anatakiwa kuwa na cheti cha SADC, kinachotolewa na chemba ya wafanyabiashara, TCCIA, na lazima athibitishe uasili wa bidhaa kwa masharti yanayotofautiana bidhaa kwa bidhaa. Kwa mchele uliolimwa Mbeya, kuthibitisha ni rahisi. Kwa nguo ni kazi: kanuni ya SADC inataka hatua mbili za uzalishaji zifanyike ndani ya ukanda, kwa hiyo fundi anayeshona mashati kwa kitambaa cha China hatapita.

Wazambia wana utaratibu rahisi wa kuvusha mizigo midogo kwa majirani zao kupitia COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, lakini Mtanzania haumhusu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi zote zimo. Sisi hatumo, na gharama ya uamuzi ule inalipwa Tunduma, na Kasumulu mpakani mwa Malawi, na watu ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo kama mtaji wako ni mdogo na huna karani wa kukujazia fomu, anza na Jumuiya.

Mwenye kiwanda

Ukishakuwa na mashine, picha inabadilika. SADC ina soko ambalo Jumuiya haina: Afrika Kusini. Tena Afrika Kusini iko katika umoja wa forodha na Botswana, Lesotho, Namibia na Eswatini, umoja uliokuwepo tangu 1910, mkongwe kuliko yote duniani ya aina yake. Ushuru hutozwa mara moja mzigo unapoingia katika ukanda huo, si kila unapovuka mpaka wa ndani. Kwa msindikaji wa korosho, kahawa au viungo, huo ni mlango mkubwa.

Ila mlango huo una kizingiti kirefu, nacho ni viwango vya ubora na afya ya mimea. Ndizi za Tanzania zilizuiwa kuingia Afrika Kusini kwa miaka, na hakuna cheti cha uasili kilichosaidia, kwa kuwa tatizo halikuwa ushuru. Anayelenga kusini aanze na maabara kabla ya kuanza na msafirishaji.

Nairobi, kwa upande wake, ni soko la karibu linaloelewa bidhaa zetu na hata jina tulilozipa. Unga, mchele, vitunguu, machungwa, mbao: mteja anajua anachonunua, na malipo yanapita kwenye simu. Lakini ushindani wa viwanda vya Kenya ni mkali, na mwenye bidhaa inayofanana na ya kwao atabanwa bei.

Nyumba zote mbili zina ugomvi

Asikudanganye mtu kwamba upande mmoja ni salama. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalilala Namanga yakiwa yamejaa. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti ya vipimo na usajili wa waingizaji. Machi 2025 Malawi ilizuia mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi, na mwezi uliofuata Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Mapema Mei yakaisha.

Katika visa vyote viwili nilitafuta mahali ambapo chombo cha jumuiya kilisimama na kusema, "Hili haliruhusiwi." Sikupaona. Mawaziri walizungumza na mawaziri, yakaisha. Katika hilo, Arusha na Gaborone wako sawa, na inaniuma, kwa sababu mahindi hayangojei mazungumzo. Kwenye lori lililofunikwa turubai juani yanaota ukungu.

Na sisi wenyewe tusijitoe lawamani. Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo saluni, ufundi simu na uwakala wa fedha kwa simu. Naelewa kilio cha wamachinga wa Kariakoo, na ni kilio cha haki. Lakini amri haikumtofautisha Mkenya au Mganda na mtu wa mbali, ilhali Itifaki ya Soko la Pamoja inawapa wananchi wa Jumuiya haki ya kujiajiri katika nchi wanachama. Wakenya walilalamika, na kwa hoja hiyo walikuwa na la kusema. SADC haina ahadi ya namna hiyo ambayo ingeweza kuvunjwa. Itifaki yake ya kurahisisha safari za watu, ya mwaka 2005, haijawahi kuanza kutumika.

Ukionewa, unakwenda wapi?

Kipengele hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa na washauri wa biashara.

Jumuiya ina Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, pale Arusha. Mtu binafsi, kampuni au asasi inaweza kuishtaki nchi mwanachama moja kwa moja kwamba imevunja Mkataba, bila kumaliza kwanza mahakama za nyumbani, mradi afungue shauri ndani ya miezi miwili. Muda huo ni mfupi mno, kwa hiyo atakayeonewa asikae akisubiri. Mwaka 2010 asasi ya kutetea wanyama kutoka Kenya iliishtaki Tanzania juu ya mpango wa barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti. Mwaka 2014 mahakama ikaizuia. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 vinakwenda kinyume cha Mkataba. Utekelezaji unategemea nia ya serikali, na mara nyingine nia hiyo haionekani. Lakini mlango uko wazi na mwananchi wa kawaida anaweza kuugonga.

SADC nayo ilikuwa na mahakama yake, Windhoek. Novemba 2008 iliamua kwamba Zimbabwe ilimkosea mkulima Mike Campbell na wenzake waliponyang'anywa mashamba bila fidia na bila kusikilizwa. Zimbabwe ikakataa. Wakuu wa nchi, badala ya kuisimamia mahakama yao, wakaisimamisha mwaka 2010, na baadaye wakaandika itifaki mpya inayoruhusu nchi tu kushtakiana, mwananchi nje. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema rais wao alivunja katiba kwa kusaini mabadiliko hayo. Mtu yeyote awe na maoni gani juu ya ardhi ya Zimbabwe, nami najua historia yake ya dhuluma, kufunga mahakama kwa sababu imetoa hukumu usiyoipenda kunawaacha bila mahali pa kwenda hata wale ambao hawakuwahi kumiliki shamba.

Kwa raia anayechagua kwa kuangalia haki, Jumuiya inashinda kwa mbali.

Kongo, iliyojaribu zote mbili

Kongo iliingia SADC mwaka 1997 na Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo ndiyo mfano bora wa kulinganisha kwa matendo.

Kwa biashara, usiende Kongo ukidhani uanachama umefuta ushuru. Eneo huria la SADC lilipoanza mwaka 2008 Kongo haikuingia. Na kusaini Mkataba wa Jumuiya si sawa na kuingia Umoja wa Forodha siku hiyohiyo: nchi inapewa muda wa kuoanisha sheria zake. Nimewaona watu wakipakia saruji na vinywaji vya kwenda Kalemie na Lubumbashi wakiwa na cheti mkononi, halafu ng'ambo ya pili wakaambiwa cheti hakitambuliki kwa bidhaa hiyo. Kabla hujapakia, mwagize mnunuzi wako akuletee kwa maandishi makadirio ya tozo zote, yakitoka kwa wakala wa upande wa Kongo. Bila karatasi hiyo, uza kwa bei ya kukabidhi Kigoma au Tunduma, yeye avushe mwenyewe.

Kwa siasa, Kongo inaonyesha tofauti kubwa zaidi. Novemba 2022 Jumuiya ilipeleka kikosi mashariki mwa Kongo. Kinshasa ililalamika kwamba kikosi hakiwapigi waasi wa M23, ikakataa kukiongezea muda, kikaondoka Desemba 2023. Mwezi huohuo SADC ikaleta chake, chenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Januari 2025 Goma ikaanguka. Afrika Kusini pekee ilizika askari 14. Machi 2025 SADC ikafunga kazi hiyo.

Sababu ya tofauti iko kwenye orodha ya wanachama. Rwanda na Kongo zote zimo ndani ya Jumuiya, kwa hiyo Arusha haiwezi kumpiga mmoja kwa niaba ya mwingine. Inaweza tu kuwakalisha meza moja. Rwanda haimo SADC, kwa hiyo SADC iliweza kusimama upande wa Kongo, lakini haikuwa na yule wa kuzungumza naye. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa jumuiya zote mbili walikutana kwa pamoja Dar es Salaam, kwa kuwa hakuna nyumba iliyokuwa na kila kinachohitajika. Tanzania ilikuwa mwenyeji na mwanachama wa kote kuwili. Siku hiyo kukaa nyumba mbili kulikuwa na maana.

Shirikisho

Upande huu nitapita haraka. Kamati iliyoongozwa na Amos Wako mwaka 2004 ilipendekeza shirikisho la Afrika Mashariki likamilike kufikia 2013. Mwaka huo ulipita. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali konfederesheni, yaani muungano ambamo kila nchi hubaki na mamlaka yake, iwe hatua ya kwanza, na maoni yanakusanywa. Tanzania ndiyo iliyosisitiza ardhi ibaki chini ya sheria za kila nchi, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaandikwa hivyo. Nakubaliana nayo. SADC haijawahi kuahidi shirikisho, na hakuna anayeidai.

Ningekuwa wewe

Mwenye siagi ya karanga pale Dodoma, chupa mia tano kwa mwezi: nembo ya TBS, shirika letu la viwango, kwanza, kisha Nairobi kwa cheti kilichorahisishwa, mzigo baada ya mzigo, hadi umjue mteja wako kwa jina. Mwenye tani ishirini za mchele Mbeya: Zambia kwa cheti cha SADC. Umbali ni mfupi kuliko Nairobi, na ukijiandikisha TCCIA mara moja unaendelea kuchukua vyeti. Mwenye kiwanda cha nguo kinachosokota uzi wa pamba ya Shinyanga: nenda kusini bila woga, hatua mbili za uasili tayari unazo. Anayelenga Lubumbashi, arudie kusoma niliyosema juu ya makadirio ya maandishi.

Njia ya tatu ipo pia: eneo huria la utatu linalounganisha COMESA, Jumuiya na SADC, lililosainiwa Misri Juni 2015 na kuanza kutumika Julai 2024. Kwa Mtanzania anayeuza Misri au Ethiopia linaweza kuwa na faida siku moja. Kwa mwenye magunia manne pale Tunduma, bado namwambia aingie ofisi ya TCCIA kabla ya saa nne asubuhi, akiwa na kitambulisho, namba ya mlipakodi, ankara ya mzigo na cheti cha afya ya mimea, asimpe mtu wa nje ya geti hata shilingi.